Nilivyojifunza kula mchana kwa pakiti za Kihindi bila kuzichoka

Nafanya kazi nyumbani, na mapumziko yangu ya mchana ni nusu saa tu. Kwa miezi mingi nusu saa hiyo iliishia kwenye chai na mkate, hadi nilipojaribu maboksi manne ya vyakula vya Kihindi vilivyokwisha pikwa: rajma, chana masala (dengu za viungo), dal makhani (dengu nyeusi za siagi) na palak paneer (spinachi na vipande vya jibini). Wiki ya kwanza nilikula kifalme. Wiki ya pili nikawa nafungua kabati, nayatazama, nalifunga tena.

Kwanza niseme nilivyoanza vibaya. Ndani ya kila boksi kuna kifuko cha gramu 300 hivi, na katikati ya plastiki yake kuna tabaka la alumini. Mimi, kwa haraka zangu, nikakitia kwenye maikrowevu kama kilivyo. Zilipoanza cheche nilichomoa waya ukutani kabla hata sijafikiri. Maelezo yalikuwa yameandikwa nyuma ya boksi, kwa herufi kubwa tu: chemsha kifuko kizima ndani ya maji dakika 3 hadi 5, au kikate umimine kwenye sufuria. Siku hizi nakikata kikiwa bado baridi. Cha moto kinateleza mkononi, na ukikikata kinakutemea mchuzi. Nina shati lenye doa la manjano ambalo sabuni imelishindwa.

Alumini ile haikuwekwa kwa urembo. Chakula kikishafungwa humo, kifuko kizima hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 hivi, vijidudu vikafa humo humo, na mwanga na hewa havipenyi tena. Ndiyo maana kinakaa kabatini miezi na miezi bila friji. Maabara ya utafiti wa chakula ya idara ya ulinzi ya India, iliyoko Mysuru, iliifanyia kazi sana teknolojia hiyo kwa ajili ya askari, kisha makampuni yakaichukua.

Nilipolijua hilo nikaelewa pia kwa nini palak paneer ilikuwa inanichosha. Spinachi haiwezi kupita kwenye joto lile ikabaki spinachi, na vipande vya paneer vilitafunika kama kifutio cha penseli. Nikaacha kuinunua. Lakini jamii ya maharage na dengu hainungʼuniki. Rajma ni maharage mekundu yanayotaka kulowekwa usiku kucha na kuchemka saa nzima na ushei. Dal makhani ndiyo usiseme, huachwa motoni polepole hadi mchuzi uwe mzito. Kazi hiyo mtu ameshanifanyia. Hapo pakiti inastahili pesa yangu.

Shida iliyobaki ilikuwa chumvi, na aliyeigundua ni mama, alipokuja kukaa nami wiki mbili. Alionja kijiko kimoja, akaweka kijiko chini.

“Mwanangu, hii chumvi katia nani?”

“Imetoka nayo kiwandani, mama.”

“Basi warudishie.”

Nikaenda kusoma lebo. Sodiamu huandikwa kwa kila gramu 100, na kifuko ni gramu 300. Ikiwa imeandikwa miligramu 400, ukimaliza kifuko umekula 1200, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2000 kwa siku nzima. Na boksi lenyewe linasema ni chakula cha watu wawili! Mimi nilikuwa nalimaliza peke yangu.

Mama hakuhitaji hesabu. Alichemsha viazi viwili bila chumvi, akavikatakata, akavitia kwenye chana pamoja na nusu kikombe cha maji. Pembeni akapasha samli kijiko kimoja, akatupia jira, zikapasuka, akafuatisha kitunguu saumu na nyanya moja, akaimwaga ile samli ikichirizika juu ya sufuria. Harufu ilibadilika pale pale. Kumbe nilichokuwa nimekikosa wiki zote zile ni kuunga tu! Kitoweo cha kifuko kina viungo, lakini ni viungo vilivyolala. Hiyo jira ya dakika moja ndiyo inayoviamsha. Juu akanyunyiza kotimiri na ndimu, tukala wawili tukabakisha.

Tangu hapo sipiki pakiti tupu. Rajma naiongezea maharage yaliyochemshwa bila chumvi kama yapo, dal naiongezea maji na spinachi mbichi dakika ya mwisho. Wali wa pakiti sinunui, naona ni kulipia maji. Napika mwingi jioni, mchana napasha. Paratha za kugandisha, yaani chapati za tabaka tabaka, ndizo mkono wangu wa kulia: zinatoka kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye kikaango chenye moto, bila kuyeyushwa, maana zikilainika zinanata na kuchanika.

Kuna siku nabadilisha kwa unga wa rava idli, vikeki laini vya chumvi vinavyopikwa kwa mvuke. Mgahawa wa Mavalli Tiffin Rooms wa Bangalore, ulioanza mwaka 1924, husimulia kwamba uliibuni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchele ulipoadimika, wakatumia ngano ya chengachenga badala yake. Unakoroga na mtindi, unauacha kidogo, unautia kwenye mvuke. Sina vyombo vyake, natumia vikombe vidogo vya chuma vilivyopakwa mafuta. Zinatoka zimepinda upande mmoja, ila nikila na achari ya embe silalamiki.

Mama alipoondoka nilikuwa na maboksi sita ya rajma kabatini. Jioni nilipofungua nikakuta matatu.