Mradi wa riwaya yangu, wiki ya tisa: Kombo na siwa

Maneno 31,400. Wiki iliyopita yalikuwa 35,000 na ushei. Nimefuta sura ya nane yote, na roho bado inaniuma.

Kwa ambaye hajafuatilia: Kombo ni mvuvi wa kisiwa nilichokibuni, anayenasa siwa, lile baragumu kubwa la kale, kwenye wavu wake. Akiipuliza, kila anayeisikia hutii. Siwa nimeiazima Lamu na Pate, ambako ilikuwa alama ya utawala. Ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ya pembe ya ndovu. Uchawi nimeuongeza mimi.

Kosa nilionyeshwa na dada yangu, msomaji wangu wa kwanza. Sura ya saba Kombo anagawa samaki kwa wajane. Sura ya nane anachapa watu viboko. Dada akarudisha karatasi: "Kaka, huyu hakubadilika. Umembadilisha wewe, umechoka kumsubiri."

Siku tatu sikuandika. Nikarudi kwa Tolkien, The Lord of the Rings (1954–1955), kuangalia ile Pete, pete ya uchawi inayompotosha anayeitamani, inafanyaje kazi yake. Nilikuwa nimesahau kwamba Pete humjia kila mtu kwa sura yake. Boromir, mpiganaji, inamjia kama wokovu wa mji wake. Sam, mtunza bustani, inamwonyesha nchi kame ya Mordor ikichanua maua. Gandalf, mchawi mwema, anaikataa kwa kuwa anajua mlango itakaoingilia kwake: huruma. Hata Frodo, aliyeibeba safari nzima ili aiangamize, akifika ukingoni mwa moto anasema ni yake.

Basi swali langu likawa dogo: Kombo anapenda nini kuliko vyote? Jibu lilikuwamo sura ya kwanza na mimi nimelipita. Baba yake alizama. Hataki mtu mwingine afe maji.

Sasa anapuliza siwa mara ya kwanza tufani ikija, ngalawa zinarudi, watu wanambusu mikono. Mara ya pili ni wingu tu. Kufika msimu wa kusi hakuna chombo kinachotoka, watoto wanalala na njaa, na Kombo anahesabu watu wake kila jioni akifurahi kwamba wote wapo. Viboko havihitajiki tena. (Nilikuwa navipenda viboko vile, viliandikika vizuri.)

Kitu kingine nilichojaribu: maelezo yake yanapungua. Sura ya pili anawaeleza wavuvi sababu ukurasa mzima, anabembeleza hasa. Sura ya tano ni sentensi moja. Sura ya saba anapuliza tu, kisha anaingia ndani kula. Sijaandika popote kwamba amekuwa mbaya. Dada amesoma, amenyamaza, kisha akauliza kama kuna sura nyingine.

Ipo nusu. Nimemwingiza fundi anayetia vyombo kalafati, yaani kuziba nyufa visivuje, kiziwi tangu utotoni, ambaye alikuwamo tangu mwanzo akipita nyuma ya matukio bila kazi yoyote. Jana usiku nimemwacha akisukuma ngalawa majini. Kombo amepuliza mara tatu pale ufukweni. Fundi hajageuka. Kuna kasia limelala mchangani karibu na mguu wa Kombo, nami nimezima taa nikiwa sijaamua kama ataliinamia.