Shingo ilipopinda tukaita shekhe

Jamani jana usiku kuna mama kanipigia analia, ndugu wanataka binti yake aachishwe dawa za akili, na kila alichokuwa anasema nilikuwa najiona mimi miaka mitatu iliyopita. Ndo maana naandika.

Wa kwangu ni wa kiume, alikuwa na miaka 17, yuko fomu tri. Alianza kwa kuziba dirisha la chumbani na khanga zangu, akatoa laini kwenye simu akaitupa chooni, chakula hali mpaka akuone unakipika mwanzo mwisho. Baba yake akasema bangi hizo. Shangazi yake akasema kalogwa, wivu wa watu, si alikuwa anaongoza darasani. Mimi niko katikati sijui nishike lipi, usiku natandika mkeka nalala mlangoni kwake.

Hospitali tukakaa foleni tangu alfajiri, dokta akamwona dakika chache, akaandika haloperidol za miligramu 5, dawa za akili, mama mpe hizi mrudi baada ya mwezi. Basi. Ugonjwa unaitwaje hakusema, dawa inaweza kumfanya nini hakusema, na mimi sikuuliza maana hata cha kuuliza nilikuwa sikijui.

Siku ya tatu tunaangalia taarifa ya habari, mtoto shingo ikaanza kujivuta kushoto, ikapinda kabisa, macho yakapanda juu, taya limekaza, anataka kuongea hawezi, machozi tu yanamtoka. Nyumba nzima mayowe. Shangazi akasema si mnaona, limepanda lenyewe, halitaki dawa za hospitali! Usiku uleule akaitwa shekhe, ubani, kisomo, na dawa nikazimwaga mimi mwenyewe kwa mikono yangu. Kesho yake shingo ikanyooka, sasa hapo nani angenibishia? (Shekhe wa watu simlaumu, alisoma, akakataa hata hela, lakini waliofuata baada yake mpaka Bagamoyo huko, hao walizila kweli.)

Miezi minane hiyo. Mtoto kakonda, haogi, anaongea na ukuta.

Aliyenifungua macho ni nesi wa zamu ya jioni tuliporudi hospitali. Akavuta stuli, mama kaa. Akaniambia huu ugonjwa unaitwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie na kuamini visivyokuwepo, vijana wengi wa kiume unawaanza umri huo mpaka miaka ya ishirini na kitu, hujamlea vibaya wala hujamkosea mtu. Na ile shingo haikuwa jini, ni dawa, inakaza misuli, vijana wa kiume inawatokea zaidi na huwa ni siku zile za mwanzo, kuna sindano wanachomwa inaachia muda si mrefu, halafu anaweza kupewa Artane, vidonge vya kuzuia huko kukaza, au kubadilishiwa dawa. Ukiona tena usimwage, mlete hapohapo na dawa zake mkononi.

Dakika kumi tu alizungumza na mimi. Wallahi nilitoka pale nina hasira sijui nimkasirikie nani.

Mengine nimefundishwa na wenzangu, tuko wamama sita na baba mmoja, tulijuana palepale kwenye benchi la kliniki tukafungua grupu la WhatsApp la kukumbushana tarehe za dawa, sasa hivi tunasemeshana kila kitu. Mimi nilikuwa nabishana na mtoto, "hakuna mtu anayekusema we!", ndo anazidi kuwaka. Mama mmoja wa Mbagala akaniambia shoga usimbishie na wala usimkubalie, mwambie mimi siwasikii ila naona wanakuogopesha, njoo tukae hapa. Nikaona upuuzi. Nikajaribu, akaja akakaa. Yule baba naye katufundisha kuhesabu usingizi, wa kwangu akikesha siku mbili mfululizo sisubiri tarehe, naenda. Na akishapata nafuu ndo wa kumwangalia zaidi, maana hapo ndo anasema mama mimi nimepona, na ndugu nao wanamwitikia.

Mtaani bado wanamwita wa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Baba yake bado hataki kwenda kliniki, ila siku hizi nauli anaiacha juu ya friji bila kuombwa, nimeamua kutoisemea.

Juzi tunakula usiku, mtoto kasimamisha tonge hewani, katulia.

"Mama, hiyo redio unaisikia na wewe?"

"Naisikia, ya kwa jirani."

"Haya," akachovya tonge lake kwenye mchuzi.