Sufu, Buti na Risiti: Kuzunguka Maduka ya Nguo ya Australia

Safari hii niliipanga Juni makusudi. Mwaka wa fedha wa Australia unafungwa tarehe 30 Juni, na katika wiki za mwisho maduka mengi hushusha bei ili yasibaki na mali. Tena Juni kwao ni majira ya baridi, kwa hiyo kinachoshushwa bei ni kile wanachokijua hasa: sufu, ngozi na makoti. Punguzo jingine kubwa huanza tarehe 26 Desemba, ila wakati huo ni joto na rafu zimejaa nguo za kuogelea na za kitani.

Kabla ya duka la kwanza kuna uwanja wa ndege. Fomu ya abiria anayeingia inauliza kuhusu vitu vya mbao, mimea na wanyama, na msafiri anayependa kujipamba na vitu vya nyumbani swali hilo linamhusu moja kwa moja. Shanga za mbegu, bangili za mbao, kikapu cha ukindu, ndala za ngozi yenye manyoya, vyote vitajwe. Mara nyingi ofisa anakikagua na kukurudishia. Faini inamwangukia aliyenyamaza.

Nilianzia Melbourne, mji unaovaa nyeusi. Sifa hiyo inajulikana Australia nzima na wenyewe hujitania nayo, lakini simama nje ya stesheni ya Flinders Street saa mbili asubuhi utaona si utani: koti jeusi, suruali nyeusi, buti nyeusi, labda skafu moja yenye rangi. Hali ya hewa inachangia. Asubuhi nyuzi 7, mchana jua, saa tisa mvua na upepo wa kusini, kwa hiyo mtu anavaa tabaka tatu nne za kuvua na kurudisha, na rangi moja huondoa shida ya kuzioanisha.

Katikati ya mji tramu ni bure. Ukivuka mpaka wa eneo hilo unahitaji kadi ya nauli iitwayo myki yenye salio, na mitaa ya nguo ninayoipendekeza iko ng'ambo ya mpaka. Tramu namba 86 inapita Bourke Street na kukufikisha Gertrude Street, kisha Smith Street. Namba 11 inakwenda Brunswick Street. Namba 78 inatembea Chapel Street kwa urefu wake. Katikati yenyewe usikose kupita ndani ya Royal Arcade, iliyofunguliwa 1870, na Block Arcade ya miaka ya 1890 yenye sakafu ya vijiwe vya rangi. Ni za kuangalia zaidi kuliko za kununua. Flinders Lane ndiyo iliyokuwa barabara ya mafundi na wauzaji wa jumla wa nguo, wengi wao wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya. Leo imejaa migahawa, lakini kwenye kona yake na Swanston Street bado lipo Nicholas Building, jengo la 1926, ambalo vyumba vyake vya juu wamepanga wasanii na mafundi wadogo wadogo. Panda lifti, shuka kwa ngazi, soma vibao milangoni.

Vitabu vya zamani vya watalii husifu Bridge Road, Richmond, kwa nguo za bei ya kiwandani. Usipoteze nusu siku huko; milango mingi imefungwa. Gertrude Street ni fupi lakini ina wabunifu wanaouza kazi zao wenyewe. Wikiendi, nyuma ya Brunswick Street, kuna soko la Rose Street ambako anayekuuzia hereni au begi mara nyingi ndiye aliyelitengeneza.

Kitu cha kununua Melbourne ni sweta ya merino, yaani sufu ya kondoo wa aina hiyo. Usidanganywe na ulaini wa kiganjani, kwani sufu iliyosokotwa kilegevu kwa nyuzi fupi ni laini sana dukani, na baada ya kuvaliwa mara chache huota vidonge kwapani na pale mkanda wa begi unaposugua. Igeuze ndani nje. Tazama mahali mkono unapoungana na bega. Ukiona vitundu au alama ndogo zinazofuata mstari wa mshono, na mshono wenyewe ni bapa, vipande vilifumwa kwa umbo lake. Ukiona ukingo uliokatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloku nene, ni kitambaa kilichokatwa kama fulana. Kitavaliwa, lakini kisiuzwe kwa bei ya sweta ya daraja la kwanza. Kisha vuta pindo la mkono kwa vidole viwili na kuliachia: lisiporudi palepale hapo dukani, halitarudi nyumbani. Lebo nyingine hutaja unene wa unyuzi kwa maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Chini ya 19.5 huhesabiwa kuwa sufu nyembamba, na wenye ngozi inayowasha watafute 18 kushuka. Kwa Dar au Mombasa nunua nyepesi ya kuvalia ofisini penye kiyoyozi. Kwa Njombe, Lushoto au Limuru chukua nzito. Huko kwetu adui ni nondo, kwa hiyo ifue kabla ya kuiweka, maana nondo hufuata jasho na mafuta ya mwili, halafu uifunge kwenye mfuko wenye zipu.

Saizi za wanawake zinakaribiana sana na za Uingereza: 10 ya Australia ni 10 ya Uingereza, na kama 6 ya Marekani. Viatu vya kike hufuata zaidi namba za Marekani, vya kiume za Uingereza, kwa hiyo vijaribu bila kuamini namba. Wanaume nao wasishtuke kuona suruali namba 82 au 87. Hizo ni sentimita za kiuno, yaani inchi 32 na 34.

Mtu aliyezoea kupekua mitumba Karume au Gikomba atajisikia nyumbani kwenye maduka ya hisani, ambayo kila mtu huko huyaita op shop: Salvos, Vinnies, Red Cross na mengineyo. Tofauti ni kwamba hakuna kupatana bei na hakuna robota linalofunguliwa alfajiri. Nguo zimepangwa kwa rangi au saizi na bei imebandikwa. Sydney Road kule Brunswick, kitongoji cha Melbourne, kwa tramu namba 19, unayapata kadhaa kwa mwendo wa miguu. Nenda siku ya kazi. Kagua kwapa, msamba, zipu na bitana ya koti, na usinunue ngozi iliyoanza kuchubuka kama karatasi, kwani hiyo ni plastiki na haina fundi. Makoti ya sufu ya zamani ndiyo mali ya humo.

Anayefika Novemba atakuta Melbourne nyingine. Jumanne ya kwanza ya mwezi huo ni Melbourne Cup, mbio za farasi za Flemington, na Jumamosi inayotangulia ni Derby Day, ambapo desturi ni nyeusi na nyeupe. Mashindano ya mavazi uwanjani yalianza 1962. Mwaka 1965 mwanamitindo Mwingereza Jean Shrimpton aliingia pale na gauni lililoishia juu ya magoti, bila kofia, glavu wala soksi, na mji ukazungumza hilo kuliko farasi. Kofia na vipambo vya kichwa vya wiki ile hushonwa kwa oda, na mafundi wake hujaa wiki nyingi kabla.

Sasa michoro ya wenyeji wa asili. Mitaa ya watalii inauza skafu, tai na fulana zenye nukta na mijusi, na nyingi hazikuguswa na mkono wa Mwaborijini. Mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliitoza kampuni ya Birubi Art faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza bidhaa zilizotengenezwa Indonesia kana kwamba ni kazi ya Waaborijini. Dukani uliza mambo matatu: jina la msanii, jamii yake, na analipwaje. Muuzaji halali hujibu bila kufikiri, na mara nyingi jina limeshaandikwa kwenye lebo. Melbourne nilikwenda duka la Koorie Heritage Trust, taasisi ya urithi wa Waaborijini, Federation Square. Ukiweza, tafuta vitambaa vilivyochapwa kwa mkono vya Tiwi Design, kituo cha visiwa vya Tiwi kilichoanza 1969, na vya akina mama wa Bábbarra kutoka Maningrida, kaskazini ya mbali. Vinauzwa kwa mita, na mwanamke aliyekulia kwenye vitenge atajua la kuvifanya. Brunswick lipo pia duka la Clothing The Gaps, ambalo hutenga waziwazi nguo za kuvaliwa na yeyote na zile za wenyeji wa asili pekee. Fuata lebo.

Adelaide nilipita kwa ajili ya buti. R.M. Williams ilianzia mji huo 1932, na karakana yake iko Salisbury, upande wa kaskazini. Buti yao ya kawaida, yenye lastiki pembeni, hukatwa kwa kipande kimoja cha ngozi kinachozungushwa mguu, hivyo mshono wa kuunga ngozi uko mmoja tu, kisigino nyuma. Ndiyo maana haipasuki ubavuni, na ndiyo maana bei inapita dola 600. Jaribu mchana au jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazovaa kweli. Namba ni za Uingereza zenye nusu, na upana una herufi: F mwembamba, G wa kawaida, H mpana. Miguu mingi ya kwetu iliyokulia kwenye kandambili inataka H, na kosa linalofanyika ni kupanda namba badala ya kupanua upana. Buti inakuwa ndefu, inakunjika mahali pasipostahili, na mkunjo huo ndio unaokata ngozi. Ishike vizuri juu ya mguu, vidole visiguse mbele. Kisigino kikiteleza kidogo siku za mwanzo si kosa. Soli ikishalainika kinatulia. Soli ya ngozi ni ya ofisini na inateleza kwenye vigae vyenye maji. Kwa masika chukua ya raba.

Kofia ya pama ya Akubra, inayotengenezwa mji wa Kempsey kwa manyoya ya sungura yaliyogandamizwa, hupimwa kwa sentimita: zungusha tepu katikati ya paji, juu kidogo ya masikio. Usiishike kwa kuibana mkunjo wa mbele juu, hapo ndipo hupasuka. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, maana ukanda wa ngozi wa ndani hujikunja na kofia hupungua saizi.

Buti za ugg, zile za ngozi ya kondoo yenye manyoya ndani, zinauzwa kila mahali, na huko ugg ni jina la aina ya kiatu, kwa hiyo neno hilo pekee halithibitishi lolote. Tenganisha manyoya kwa vidole hadi chini. Ukiona ngozi, ni kondoo. Ukiona kitambaa kilichofumwa, si kondoo. Pembetatu ya kijani yenye kangaruu wa dhahabu inamaanisha imetengenezwa Australia. Maneno kwamba imebuniwa Australia hayamaanishi hivyo.

Sydney inavaa kwa ajili ya maji na jua: rangi nyepesi, vitambaa vinavyopepea, bega wazi. Basi namba 333 kutoka Circular Quay linapita Oxford Street, Paddington, hadi Bondi. Jumamosi shuka Paddington kwenye soko la uwanja wa kanisa, lililoanza 1973. Hapo ndipo mbunifu Nicky Zimmermann alipoanza kuuza nguo zake kabla jina hilo halijafika Paris. Katikati ya mji, Strand Arcade ina wabunifu wa nchini ghorofani. Maduka hufungwa mapema, mengi kabla ya saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Alhamisi.

Jambo la Sydney ninalotaka wasomaji wetu walitie maanani ni nguo za kujikinga na jua. Zina lebo ya UPF, kipimo cha kitambaa kuzuia miale ya jua inayounguza, na 50+ maana yake kitambaa kinapitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya miale, au pungufu. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hii ni bidhaa ya afya. Tafuta fulana za mikono mirefu zenye kola, na kofia zenye ukingo wa sentimita 7.5 au zaidi kuzunguka pande zote. Kepu inaacha masikio na shingo. Cancer Council, shirika la kupambana na saratani, ina maduka yake. Chukua saizi isiyobana, kwa sababu kitambaa kilichovutika hufungua matundu na kinga hupungua. Burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili na nywele, nayo ni kazi ya Sydney, ya Aheda Zanetti, 2004. Ya kuiga hujaa maji na kuvuta chini. Nzuri haizidi uzito wa vazi la kuogelea na ina kifungo cha kuishikiza juu kwenye suruali isipande.

Brisbane naisema kwa ufupi: James Street, kule Fortitude Valley, kwa kitani na viatu vya wazi. Ni hali ya hewa yetu, na nguo za kule ndizo zinazovalika Tanga bila marekebisho.

Kodi ya GST ya asilimia 10 imo ndani ya bei iliyoandikwa, na msafiri anaweza kurudishiwa. Gawanya bei kwa 11: koti la dola 440 linarudisha dola 40. Sharti ni kutumia dola 300 au zaidi kwa muuzaji mmoja mwenye namba ileile ya ABN, yaani namba ya usajili wa biashara iliyo kwenye risiti, ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, na risiti za siku tofauti hujumlishwa. Angalia tarakimu zake 11, kwani matawi mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na ABN mbili. Risiti ikifika dola 1,000 iwe na jina lako. Wauzaji wengi wa sokoni hawatozi GST, kwa sababu mauzo yao ya mwaka hayafiki dola 75,000, na kwao hakuna cha kudai.

Dirisha la kurudishiwa kodi liko uwanja wa ndege, baada ya kukaguliwa pasipoti, na vitu lazima uwe navyo mkononi au mwilini. Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 za begi la kabini, kwa hiyo buti vaa, koti vaa, kofia vaa, sweta weka begini. Jaza maelezo mapema mtandaoni upate msimbo wa QR, na ufike mapema kwa sababu madai hayapokelewi dakika 30 za mwisho kabla ya ndege kuondoka. Anayeunganisha, tuseme Adelaide kwenda Sydney halafu nje ya nchi, asiweke buti kwenye sanduku linalopitilizwa hadi Dar: ukaguzi unafanyika Sydney, na sanduku halitakuwa naye.