Meneja alimnyanyasa mwenzangu: kilichosaidia mwishowe

Mwenzangu amehamishiwa kitengo kingine na sasa analala usingizi, kwa hiyo naandika.

Meneja alikuwa akimfokea mbele ya watu, akimpa kazi kwa mdomo jioni, kisha asubuhi anakana. Kwanza nilimwambia avumilie. Ushauri mbovu ule. Nikamfuata meneja mwenyewe, mambo yakazidi. Tukalalamika idara ya rasilimali watu, tukaulizwa: "Lini? Nani alikuwepo?" Kimya.

Ndipo mwenzangu akaanza daftari, lililokaa nyumbani kwake: tarehe, saa, maneno yenyewe, nani alisikia. Aliandika siku ileile. Si "alinidhalilisha", bali "saa 4:10, alisema 'hata mtoto angeweza', tulikuwa watatu." Na kila agizo la mdomo alilifuatisha na baruapepe: "Kama ulivyoniagiza leo, nitakabidhi Alhamisi. Nirekebishe kama nimekosea." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi, maana meneja hakurekebisha hata mara moja, na asubuhi hakuwa tena na la kukana.

Malalamiko ya pili tulipeleka kurasa 3, nami nikasaini kama shahidi wa yale niliyosikia kwa masikio yangu tu. Safari hii hawakuuliza lini.