Mimea ya kwetu mbele ya nyumba: jasho litoke kabla ya masika

Mbele ya nyumba nyingi za Dar es Salaam utakuta moja kati ya mambo mawili: pevingi kutoka ukutani hadi getini, au nyasi zinazomwagiwa mpira kila jioni. Pevingi hushika jua mchana kutwa na kuirudishia nyumba joto usiku, na mvua ikinyesha maji yote yanaishia kwa jirani. Nyasi zinadai maji, samadi na mtu wa kuzikata. Uwanja wa mimea ya asili ya huku hauna madai hayo, lakini una sharti lake: kazi kubwa ifanyike Januari na Februari, wakati ardhi bado haina mche hata mmoja.

Kwanza tuelewane juu ya neno "asili", maana hapa wengi hupotea. Mwarobaini ni wa India. Ashoki zile ndefu za kando ya ukuta, India pia. Mkrismasi ni wa Madagaska, bogenvilia ya Amerika Kusini, na mshubiri uliomo kwenye makopo ya barazani, ule wa kupaka ngozi, kwao ni Uarabuni upande wa Oman. Wala si kila mmea wa Tanzania ni wa mchanga wako. Maua ya saintpaulia ni ya Usambara kabisa, lakini yamezoea kivuli na miamba yenye unyevu. Yapande Kigamboni juani uone kama yatamaliza wiki. Swali la kuuliza ni kama mmea unatoka mahali penye mchanga, joto na kiangazi kama cha kwako.

Vipimo nitakavyotumia ni vya uwanja wa mita 12 kwa 6, yaani mita za mraba 72. Njia ya gari ya mita 3 kwa 6 inachukua 18. Zinabaki 54.

Anza kwa kupima maji. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Mara ya pili yakiisha ndani ya saa mbili au tatu, ardhi inapitisha vizuri. Yakilala hadi asubuhi, chini kuna mfinyanzi au mwamba wa matumbawe, na mimea ya ukame itabidi ikae kwenye tuta. Tazama pia bomba la gata linamwaga wapi. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,000, na maji hayo yakianguka kwenye mche mchanga yanaufukua. Yaelekeze kwenye beseni lililochimbwa ardhini, lenye kina cha sentimita 15 hadi 20, angalau mita 3 kutoka kwenye msingi na mbali na karo. Beseni likauke ndani ya siku moja. Likichelewa, lipanue badala ya kulichimba zaidi.

Sasa gugu la ndago. Huyu ndiye anayeua bustani nyingi za "kazi ndogo", na kung'oa majani yake ni kumnyoa nywele tu. Chini ana vinundu vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, na kila kinundu kinachobaki ni mmea mpya. Kutandika plastiki na kumwaga kokoto juu hakusaidii: ncha ya ndago hutoboa plastiki, na baada ya hapo kumchimba inakuwa shida maradufu kwa sababu kokoto zimekaa juu yake. Katikati ya Januari mwagia ardhi maji ya kutosha ili aote. Baada ya siku 10 hadi 14, ingia na jembe la meno, fukua sentimita 20, okota vinundu kwa mkono, vitie kwenye kiroba na uvitupe nje ya bustani. Usivitie kwenye mboji. Mwagia tena, subiri, rudia. Mara tatu kabla ya katikati ya Machi. Inachosha, ndiyo. Na baada ya kazi yote hiyo usije ukaleta lori la "udongo mweusi" wa kununua, kwani mara nyingi ndago huingia na lori hilohilo. Mimea tunayoizungumzia haihitaji udongo wa kuletwa.

Kando ya ukuta wa nyumba acha ukanda wa sentimita 60 usiopandwa kitu, wenye kokoto za unene wa sentimita 5. Kwa urefu wa mita 9 hiyo ni kama mita za ujazo 0.27, matoroli manne hadi matano. Ukanda huo huzuia tope kurukia rangi, na mchwa wakianza kujenga njia ya kupanda ukutani utawaona mapema.

Mti uwe mmoja. Mbuyu, mkwaju na mkuyu ni wetu, lakini si wa uwanja huu. Mkuyu hasa, mizizi yake hutafuta maji ya karo na kulipasua. Mimi ningechagua mulimuli, Cassia abbreviata: mti mdogo, wenye maua ya njano wakati wa kiangazi, na maganda marefu yanayoning'inia. Uweke mita 4 kutoka ukutani. Mpingo nao unafaa kama huna haraka, na huna haraka kweli.

Kwa ua wa mbele, mtandamboo: miiba, maua meupe yenye harufu nzuri, matunda madogo meusi ambayo watoto watayamaliza. Panda kila mita 1, punguza mara moja au mbili kwa mwaka. Mnyaa ni rahisi kuliko wote, kwani unakata tawi, unaliacha kivulini siku tano likauke kidonda, unalichomeka. Ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni wa kwenda hospitali, si wa kusuuza na kusahau. Usiuweke getini wala watoto wanapochezea.

Tuta la mimea ya ukame linyanyuke sentimita 25 hadi 30, sehemu mbili za mchanga mkavu wa mtoni kwa moja ya udongo wako. Mchanga wa ufukweni una chumvi, uache huko. Hapo panda mishubiri ya porini kama Aloe secundiflora, mitatu kwa kila mita ya mraba, pamoja na sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama kama mapanga, na adenium (waridi la jangwani) mbili au tatu. Mshubiri huo umezoea sehemu kavu kuliko Dar es Salaam, ndiyo maana tuta si pambo. Cha kuchekesha ni kwamba adenium ni mmea wa Afrika Mashariki, lakini zile za vyungu vya bei mbaya ni aina zilizozalishwa Thailand. Utomvu wake ni sumu. Ulitumika kwenye mishale.

Nyasi zisizidi mita za mraba 15. Nyasi za Pemba, zile za jani pana, ni za Pwani hii, zinavumilia kivuli na upepo wa chumvi. Vipandikizi kila sentimita 20 ni 25 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo andaa 375. Zikate zikiwa na sentimita 6 hivi, zisinyolewe hadi udongo uonekane. Nafasi zinazobaki zijaze kivumbasi, kila sentimita 50. Kinachoka baada ya miaka miwili mitatu, lakini hujiotesha chenyewe.

Miche iwe ya kitaluni. TFS, wakala wa misitu wa serikali, huuza mbegu za miti na kituo chao kiko Morogoro. Msitu wa Pugu si kitalu. Mishubiri yote ya porini imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, na mtapo, ule unaofanana na mnazi mfupi wa majani magumu, umo kwenye daraja la ulinzi mkali zaidi. Mtu akikuletea mtapo mkubwa uliofukuliwa na mizizi imekatwa, mwache aondoke nao.

Vichaka na mti vipandwe mvua za kwanza za masika zikishalowanisha ardhi sentimita 20. Mishubiri na adenium zisubiri mwisho wa Mei, maana mizizi iliyojeruhiwa ikikaa kwenye maji ya Aprili inaoza. Shimo liwe pana mara mbili ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa mche, na lisizidi kina chake. Kiriba kivuliwe chote. Kukipasua chini tu ni kuufunga mti kamba ya shingo. Mizizi iliyojizungusha ikate kwa kisu pande tatu. Samadi, kama ni lazima, sehemu moja kwa nne za udongo na iwe imeoza hadi haina harufu. Ukizidisha, mmea unakimbilia majani laini, vidung'ata wanaofyonza utomvu wanakuja, na sisimizi wanaowalinda wanafuata.

Mwaka wa kwanza maji ni lazima. Juni, kila kichaka lita 10 kila baada ya siku tano, kwenye kisahani cha udongo kinachozunguka shina, cha kipenyo cha sentimita 60. Julai na Agosti mara moja kwa wiki. Kuanzia Septemba kila wiki mbili, hadi vuli ishike. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni kunafuga mizizi juu juu, na siku ukisafiri mmea unakufa.

Matandazo ya majani makavu yawe sentimita 7, yasiguse shina. Kwa mita za mraba 33 zinazobaki ukitoa kokoto za ukutani na nyasi, unahitaji hadi mita za ujazo 2.3, safari tatu za kirikuu. Makumbi ya nazi ni mazuri, ila yalazwe kifudifudi. Yakilala chali yanashika maji ya mvua, na mbu wa dengi, aliyeisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hahitaji zaidi ya hapo. Kwenye tuta tumia changarawe, si majani.

Kuna adui mwingine, naye ni fagio. Kwetu uwanja safi ni uwanja uliofagiwa hadi mchanga unaonyesha mistari, na anayefagia kila alfajiri anaondoa matandazo yako na kuacha mizizi wazi. Kubishana naye hakusaidii. Panga tofali au mawe kwenye ukingo wa bustani, kisha mwachie ukanda wa sentimita 80 mbele ya geti na njia ya mlangoni afagie apendavyo. Ukingo ulionyooka huonyesha kwamba majani yaliyo ndani yamewekwa makusudi, na jirani ataacha kuuliza lini mtafyeka. Akiuliza habari za nyoka, ondoa rundo la mawe na takataka zinazoleta panya. Nyoka humfuata panya.

Mwaka wa pili palilia kabla ya masika na kabla ya vuli, ongeza matandazo sentimita 2 au 3, na mpira ukae stoo. Mishubiri itageuka rangi ya kahawia nyekundu Septemba, na adenium inaweza kupukutisha majani yote ibaki mashina matupu. Hazijafa. Usizimwagie maji.