Siku yangu kwenye lori la benki ya chakula, Nairobi

Saa 11 alfajiri niko garini tayari, na kreti safi na mizani. Kazi yangu ni kupokea chakula kizuri kilichokosa soko, kukichambua na kukifikisha kwenye jikoni za shule. Wengi hudhani tunaokota makombo ya hoteli. Hapana.

Saa 1 tunaingia ghala moja la mboga za kuuzwa nje, karibu na uwanja wa ndege. Leo ni mishiri, yale maharagwe mabichi membamba yanayoliwa na maganda yake. Wanunuzi wa Ulaya wanataka iliyonyooka, urefu sawasawa. Iliyojipinda inabaki, ingawa imechumwa jana na ladha ni ile ile.

Hapo ndipo siku ilipokwama. Sipakii mzigo kabla sijajua umekataliwa kwa nini. Kama ni umbo, hicho ni chakula. Kama ni mabaki ya dawa ya wadudu, siugusi hata nibembelezwe. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharagwe ya Kenya kwa sababu ya dawa hizo, na mtoto wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, anastahili kulindwa vile vile.

"Dada, chukua tu. Si ni ya bure?" karani akaniambia.

"Ni ya bure, kaka, lakini italiwa na watoto. Naomba karatasi ya ukaguzi."

Mwenye karatasi yuko mkutanoni. Saa 2 ikapita, saa 3 ikapita. Kreti zilishatolewa kwenye chumba baridi, zimewekwa juani, na mishiri ikishapata joto haichelewi kunyauka. Nikaanza kuzivuta kivulini moja moja. Mzee mmoja, soja wa getini, akaja kunisaidia, akauliza hii ni benki gani isiyo na pesa. Nikamweleza kuwa ya kwanza ilianzishwa na John van Hengel mwaka 1967, mjini Phoenix, Marekani.

"Kumbe hata Marekani watu hulala njaa?"

"Hulala, mzee wangu."

Karatasi ilitoka karibu saa 5. Kosa la mishiri: kujipinda. Tukapakia mbio, tukakutana na jamu ya Mombasa Road, na tulipofika shuleni Mukuru mpishi alikuwa anaosha sufuria.

"Pole mama, tumechelewa."

"Watoto wamekula githeri tupu, mwanangu. Hii nitaipika kesho."

Alikuwa ameshakata vitunguu vya kuikaangia. Hilo liliniuma kuliko mgongo.

Baadaye ni jikoni nyingine, kuchambua, kupima, kuandika. Iliyonyauka nikamtengea mfugaji. Nilifika nyumbani giza limeingia, mikono inanuka mishiri, na nzuri yote ilikuwa imefika.

Wewe unayefanya kazi kwenye ghala la mboga, nakuomba: andaa ile karatasi kabla lori halijafika, na mzigo ubaki kwenye baridi mpaka tupakie. Masaa yale ya kungoja ndiyo mboga za watoto siku hiyo.