Mahali Pazuri, Maji Hayafai

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu la wiki hii ni Zaburi 111, pamoja na 2 Wafalme 2:19-22. Mwenye Biblia karibu aifungue, maana sitanukuu kila kitu.

Alhamisi baada ya ibada ya jioni, binti mmoja anayesoma uzamili huku kwetu Arusha alinisubiri nje ya kanisa. Anapima maji ya chemchemi za mteremko wa Meru. Akaniuliza, "Mwalimu, nataka tasnifu yangu imtukuze Mungu. Niweke mstari gani ukurasa wa mwanzo?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa kucheka. Namfahamu mtu aliyeweka mstari kama huo. Kwenye ukurasa wa shukrani aliandika, "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA." Mbele kidogo, kwenye jedwali la vipimo, aliandika uongo. Mtu huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, na mimi nilikuwa napima floraidi. Wenyeji wa hapa hamhitaji kuelezwa habari hiyo, mnajuana kwa meno. Miamba ya volkano ya Meru imejaa madini hayo, maji yanapopita humo yanayayeyusha, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanajengeka huota meno yenye rangi ya kahawia. Yakizidi sana hufika kwenye mifupa, miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, ingawa Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. (Magadi tunayotia kwenye makande nayo yana floraidi. Hilo huwa silisemi mbele ya akina mama.)

Chemchemi moja ilinipa 2.1, halafu 2.3. Mara ya tatu, mwishoni mwa kiangazi, ikanipa 6.8. Nilichoka, muda wa kukabidhi ulikuwa umebaki siku chache, na namba ile iliharibu mstari mzuri wa grafu yangu. Nikaandika 2.6. Vijana wa chuo wana jina la kitendo hicho: kupika data. Jumapili yake nikasimama kwaya, sauti ya besi, nikaimba kwa machozi kabisa. Sikuona kwamba kuna neno lolote kati ya meza ya maabara na ile kwaya.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba ile 6.8 huenda ilikuwa sahihi kuliko zile mbili. Mvua ikikatika maji hupungua, na floraidi iliyomo huweza kukolea. Chemchemi ilikuwa imenieleza jambo, nami nikaifunga mdomo.

Sasa rudini kwa Elisha. Watu wa Yeriko wanamjia, wanamwambia kwamba mji wao umekaa mahali pazuri, kama yeye mwenyewe anavyoona, lakini maji yake hayafai. Nimeusoma mstari huo mara nyingi nikikimbilia muujiza wa chumvi. Siku hizi nakwama hapohapo kwenye "lakini". Mlima, migomba, kahawa, kijani kila upande. Hata sisi tunaweza kuanza hivyo, mahali petu ni pazuri. Halafu watu wale wakaendelea na sentensi. Elisha hakuwakemea. Hakuwaambia, "Msikiri hivyo, hayo ni maneno ya kutokuamini," kama ambavyo baadhi yetu tungewaambia leo kwa kipaza sauti. Aliipokea taarifa yao kama ilivyo, akaomba chombo kipya na chumvi, akaenda hadi kwenye chanzo. Chanzo, siyo ndoo zao. Muujiza ulianzia kwa watu waliosema ukweli kuhusu maji yao.

Na Zaburi 111? Ina historia yake hapa kwetu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea pwani, aliona weupe kileleni mwa Kilimanjaro. Mwongozaji wake aliuita "baridi" tu. Rebmann akatambua ni theluji, na walipoketi kupumzika akafungua Biblia mahali alipokuwa amefikia katika usomaji wake: ilikuwa Zaburi ya 111. Aya iliyomgusa ni ya sita, inayosema juu ya kuwapa watu wake urithi wa mataifa. Sisi tuliokuwa urithi wenyewe tuna la kujibu juu ya aya hiyo, ila si leo. Alipoandika habari ile, mtaalamu wa jiografia aliyekaa London, Desborough Cooley, aliikataa: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka 1861 ndipo mpelelezi Mjerumani von der Decken alipofika na mwanajiolojia Thornton, na habari ya Rebmann ikathibitika. Kwa zaidi ya miaka kumi mtu wa Mungu alionekana mwongo au mtu wa ndoto, na alichokuwa nacho ni hicho tu alichokiona. Hakukipunguza ili kiwafae wakubwa.

Mwaka 1874 maabara ya fizikia ya Cavendish ilifunguliwa Cambridge, Uingereza, ikiongozwa na James Clerk Maxwell, Mkristo, yule wa milinganyo ya umeme na sumaku. Kwenye milango yake ulichongwa kwa Kilatini mstari wa pili wa zaburi hiyohiyo: matendo ya Bwana ni makuu, na wanaopendezwa nayo huyachunguza. J. J. Thomson, aliyeigundua elektroni mwaka 1897, alikuwa akipita hapo kwenda kazini. Maabara ilipohamia majengo mapya miaka ya 1970, mstari ukaandikwa tena huko, safari hii kwa Kiingereza.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana ya kutafuta, kuulizia, kufuatilia. Mwanafunzi anayechukua sampuli saa kumi na mbili asubuhi kwa baridi ya Juni analijua neno hilo kwa miguu yake. Sina haja ya kumtafutia mahali pa kubandika imani juu ya kazi yake. Ila asishie mstari wa pili. Wa saba unasema kazi za mikono yake ni kweli. Kama maji yale ni kazi ya mikono yake, basi nilipoandika 2.6 nilimtolea Mungu ushahidi wa uongo, na baya zaidi, nikawatolea watoto wanaochota pale.

Hapa nataka niwaguse na nyinyi msioingia maabara. Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kwamba wataalamu wa NASA, shirika la anga la Marekani, walikokotoa nyakati kwa kompyuta wakagundua siku iliyopotea, ile ya Yoshua jua liliposimama. Si kweli. Ni hadithi ya zamani, haina msingi, na NASA hawakugundua kitu kama hicho. Nilipomwambia hivyo mzee mmoja wa kanisa alinijibu, "Lakini inawajenga vijana." Inawajenga hadi wafike mwaka wa kwanza chuoni, mwenzao wa chumba aitafute kwenye simu kwa dakika mbili. Ayubu aliwauliza rafiki zake, katika sura ya 13, kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, wamtetee kwa hila. Aliwaonya kwamba Mungu mwenyewe angewakemea. Sijui kwa nini sura hiyo haihubiriwi zaidi.

Binti yule nilimsimulia yote haya, na ile 6.8 pia. Akanyamaza, kisha akasema shida yake ya kweli haikuwa mstari. Moja ya chemchemi alizopima ndiyo ya nyumbani kwao, ambako bibi yake anachota mpaka leo, na namba ilitoka juu, zaidi ya 5. Alirudia mara tatu. Bibi ameshamwambia, "Maji haya tumekunywa tangu enzi za babu yako, Mungu ametutunza." Naye hajui amwambieje bila kuonekana anabishana na ushuhuda wa mzee.

Jumamosi anakwenda. Tumwombee, yeye na bibi yake, pamoja na wanafunzi wetu wote wanaoingia kwenye mitihani wiki ijayo.

Nimempa kichujio changu cha mkaa wa mifupa, unaopunguza floraidi kwenye maji, wa aina ile iliyofanyiwa kazi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Ana wasiwasi bibi atauliza ni mifupa ya nini. Ni ya ng'ombe. Nimemwambia aseme kabla hajaulizwa.